Mpemba, Fuwele na Mtungi wa Naitrojeni

Nimechoka na kesi ya Mpemba. Kila tukiandaa toleo lenye baridi ndani yake, barua huja za pande mbili zilezile. Kuna wanaotaka picha yake jaladani kwa fahari ya taifa, na kuna wanaotuwekea mezani makala ya Burridge na Linden ya mwaka 2016: maji ya moto hayapoi haraka kuliko ya baridi, faili lifungwe. Hawa wa pili wana hoja nzito kuliko wa kwanza. Lakini wote wamekodolea macho friji, swali limewapita.

Magamba, Lushoto, 1963. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ni ya kugombea. Erasto Mpemba, kidato cha tatu, anaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado ni uji. Ukiondoa maziwa na sukari, kinachobaki ni hiki: kitu kikipozwa, njia kiliyopitia ina uzito, au tuhesabu mwisho wa safari tu?

Kwenye friji wataendelea kubishana. Kwenye fuwele za superkondakta, yaani mata inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa vya kutosha, majibu yapo, tena mawili. Mwaka 1933 Meissner na Ochsenfeld walionyesha kuwa risasi na bati zikipozwa ndani ya uga sumaku huufukuza, sawasawa na zikipozwa kwanza uga ukaja baadaye. Mata hiyo haina kumbukumbu. Mwaka 1957 Abrikosov akaeleza ukoo mwingine, ambao uga ukizidi kiwango fulani hupenya kama nyuzi nyembamba, kila uzi ukizungukwa na mkondo wake wa umeme. Fuwele ikiwa safi mno, mkondo ukipita nyuzi hizo huteleza na ukinzani hurudi. Ikiwa na kasoro, nyuzi hunasa. Ndiyo maana watengenezaji hutia kasoro kwa makusudi, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havijalisikia.

Chukua kidonge cha YBCO, superkondakta ya ukoo huu wa pili, na kipande cha sumaku. Poza kidonge kwanza kwa naitrojeni kimiminika, kisha sogeza sumaku: kinaisukuma. Kipashe joto, weka sumaku juu yake na kikaratasi katikati, kipoze tena: sasa inua sumaku, na kidonge kinaifuata kikining'inia hewani. Kidonge kilekile, baridi ileile.

Nitaambiwa naitrojeni kimiminika ni anasa ya Ulaya. Anayesema hivyo hajawahi kumwona mtaalamu wa uhimilishaji akifungua mtungi wake kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa: mvuke mweupe unamwagika mdomoni, mrija wa mbegu unatolewa kwa koleo. Mle ndani ni nyuzijoto 196 chini ya sifuri. YBCO huanza kazi kwenye 180. Baridi inapanda milima ya Usambara kwa pikipiki kwa ajili ya mitamba, na hakuna shule inayoiomba hata kikombe. Kidonge chenyewe kinunuliwe kile kilichokuzwa kwa kuyeyushwa. Cha kuoka wenyewe kwa unga kitaelea kwa shida na kutuaibisha.

Katika toleo hili, makala ya glasi za spini isomwe kwanza: inaeleza hesabu za kompyuta za mwaka 2019 zilizoonyesha tabia ya Mpemba ndani ya mata ya sumaku, na chanzo chake ni kumbukumbu ya mata yenyewe. Ya mashine za MRI inataja niobi ya Panda Hill na heli ya Rukwa kwa matumaini makubwa kuliko niliyo nayo. Ya fuwele za chuma na seleni ni ya wenye subira.

Ya mwisho inanipinga waziwazi. Inataka fedha za maabara ziende kwanza kwenye voltimita. Nimeichapa bila kukata neno, ingawa mwandishi hakujumlisha bei ya voltimita zinazoungua kila muhula.