Tomol ilishonwa, haikuchongwa

Kuiita tomol mtumbwi ni kuipunja. Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja. Tomol ya Wachumash wa pwani ya California ilishonwa ubao kwa ubao. Na mbao zenyewe? Miti ya redwood haioti kwao Santa Barbara, hivyo mafundi walisubiri magogo yaliyoletwa na mawimbi kutoka kaskazini. Waliyapasua, wakalainisha mbao kwa ngozi ya papa, wakazitoboa na kuzifunga kwa kamba za nyuzi za mimea, kisha wakakalafati kwa yop, yaani lami ya asili iliyopikwa pamoja na utomvu wa msonobari. Majirani zao Watongva waliunda chombo cha aina hiyo, wakakiita ti'at.

Anayestahili kutajwa zaidi ni mzee wa Kichumash Fernando Librado. Kabla ya kufariki mwaka 1915, alimsimulia mtafiti John P. Harrington kazi yote, hatua kwa hatua.

Kwa maelezo hayo, mwaka 1976 iliundwa tomol iliyoitwa Helek. Mwaka 2001 Wachumash wakapiga makasia usiku ndani ya tomol nyingine, 'Elye'wun, hadi kisiwa cha Limuw, kinachoitwa Santa Cruz kwenye ramani, na jamaa zao walikuwa ufukweni wakiwapokea.