Kipima-bangi hakipo, na kipima-miraa pia hakipo

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Kazi ya mteja mmoja ilinibana, halafu nikaenda nyumbani Garissa kumwona mama. Safari hiyo ndiyo iliyonipa mada ya leo. Wale mliokuja kusoma habari za hifadhidata msiondoke, tutafika huko.

Nilipanda gari la usiku kutoka Nairobi, safari ya kilomita 370 hivi. Dereva alikuwa na miraa yake pembeni, imefungwa kwenye jani la mgomba, pamoja na jojo na chupa ya soda. Mpaka Mwingi alikuwa mchangamfu kuliko abiria wote, stori moja baada ya nyingine. Baada ya Mwingi akanyamaza. Kabla ya kufika Ukasi magurudumu ya kushoto yakaingia kwenye changarawe, gari likayumba, utingo akamgonga bega.

"Mzee, vipi?"

"Niko sawa, walahi."

Tulifika salama, alhamdulillahi. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana tukateremshwa wote kama kawaida, vitambulisho mkononi, wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Askari alisoma kitambulisho changu, akanitazama usoni, akakisoma tena. Dereva alibaki kwenye kiti chake. Hakuna aliyemuuliza ameamka saa ngapi.

Sasa twende kwenye mada. Kenya imekuwa na mjadala wa kuhalalisha bangi. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipendekeza mswada. Mwaka 2022 George Wajackoyah akaifanya bangi ajenda yake ya kugombea urais. Hakupata hata asilimia moja ya kura, lakini mazungumzo yakaingia kila kibanda cha chai. Swali moja linarudi kila mara, na ni swali zuri: ikihalalishwa, polisi watamjuaje dereva aliyevuta?

Wengi hudhani jibu ni la kiufundi tu. Kwamba kama kuna Alcoblow ya pombe, basi wahandisi watatengeneza Alcoblow ya bangi na kazi itakuwa imeisha. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na kwa kawaida napenda majibu ya namna hiyo. Hili silipendi, na nitaeleza kwa nini.

Pombe ni rahisi kupima kwa sababu ya tabia yake. Huyeyuka katika maji, husambaa mwilini kwa usawa, na kiasi chake katika pumzi hufuatana na kiasi kilichomo katika damu. Vifaa vingi hukadiria kwamba lita 2,100 za pumzi zina pombe sawa na iliyomo katika lita 1 ya damu. Zaidi ya hapo, kadiri pombe inavyopanda katika damu, ndivyo uwezo wa dereva unavyoshuka. Namba moja inawakilisha jambo moja.

Bangi haina tabia hiyo. Kemikali yake, THC, hupenda mafuta. Mtu akivuta, THC hupanda haraka katika damu na kushuka haraka, huku ulevi ukiwa bado kichwani. Anayevuta kila siku huihifadhi mwilini na anaweza kukutwa nayo katika damu siku kadhaa baada ya kuacha, akiwa timamu kabisa. Kwa lugha yetu ya programu, kipimo kinakamata wasio na kosa na kinawaachilia wenye kosa.

Walioendelea wamelijaribu hili. Jimbo la Washington nchini Marekani liliweka kikomo cha nanogramu 5 za THC kwa mililita moja ya damu. Kanada ilipohalalisha bangi Oktoba 2018 iliweka kosa dogo kuanzia nanogramu 2 na kosa kubwa kuanzia 5. Lakini mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya AAA, chama cha wenye magari huko Marekani, ilichunguza na kusema kwamba vikomo vya aina hiyo havina msingi wa kisayansi. Namba ipo, lakini haisemi kama mtu anaweza kuendesha gari.

Na sisi tusijidanganye, hata namba ya pombe imetusumbua. Alcoblow iliingia barabarani kwa kishindo Desemba 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni zake hazilingani na Sheria ya Trafiki yenyewe, kwa sababu sheria inazungumzia dereva aliyeshindwa kulimudu gari kutokana na kinywaji au dawa, wala haitaji kikomo cha namba. Watu wengi waliona mahakama imewapendelea walevi. Mimi naona maneno ya sheria hiyo yana busara ndani yake. Yanauliza kama mtu anaweza kuendesha. Hayaulizi ana nini mwilini.

Hapa ndipo Garissa inapoingia. Sisi tuna dawa iliyo halali tangu zamani. Miraa haihitaji mswada wala mgombea urais. Mwaka 2023 serikali hata ilitoa kanuni za kilimo na biashara yake. Na tumeishi miaka yote hii bila kipima-miraa. Anayetaka kujua hali itakuwaje bangi ikihalalishwa bila mpango wa barabara, aje asimame kando ya barabara zetu, atazame Hilux za miraa zikipita. Zinakimbia kwa sababu kathinoni, kemikali inayochangamsha, huanza kupotea tawi likishakatwa, na baada ya siku mbili mzigo hauna thamani.

Miaka kadhaa iliyopita nilidhani nimepata dawa ya tatizo hili. Kuna jaribio la zamani la kupima umakini: alama inatokea kwenye skrini, wewe unabonyeza, kompyuta inahesabu umechelewa kwa muda gani. Marekani Michael Milburn, profesa wa saikolojia, ametengeneza programu ya simu iitwayo DRUID yenye majaribio ya jamii hiyo. Nami nikaandika yangu kwa siku mbili, ukurasa mmoja tu, nikawapa binamu zangu wawili wanaokula miraa waijaribu usiku kucha.

Matokeo yalinishusha pumzi. Saa nne usiku, handasi imepanda, walinishinda mimi niliyekunywa chai tu. Alfajiri, miraa imewaishia, mmoja aliangalia alama ikitokea na kutoweka bila kubonyeza, na akabisha kwamba haikutokea. Watu wawili si utafiti, najua. Lakini nilielewa kitu. Dereva wangu angepimwa Mwingi angefaulu vizuri sana. Ukasi angeanguka. Miraa haiondoi usingizi, inaukopa, na deni huja kudaiwa barabarani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tuache kusubiri kifaa cha kunusa kila dawa. Tupime kinachoua, na kwenye barabara ndefu kama yetu kinachoua mara nyingi ni saa. Sheria ya Trafiki tayari inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Nani anazihesabu? Hakuna. Na kuhesabu saa ndiyo kazi ambayo kompyuta inaijua kuliko zote.

Vizuizi vipo tayari, na askari wapo. Namba ya leseni ya dereva na saa aliyopita kizuizini vinaingia kwenye ujumbe mmoja mfupi wa simu, hata simu ya kabambe inatosha. Penye mtandao mbovu, ujumbe usubiri na kwenda baadaye. Kizuizi kinachofuata kinaona: huyu yuko barabarani kwa saa 11, apumzike. Ulaya wanarekodi saa za madereva wa malori kwa kifaa ndani ya gari. Hapa kwetu ningeogopa kifaa hicho kichezewe, kama vidhibiti mwendo vya enzi ya Michuki vilivyochezewa.

Najua pingamizi litakalokuja, na litatoka kwa watu wangu. Sisi wa huku tumeorodheshwa vya kutosha. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi zao za pekee. Na wapo Wakenya wa Garissa walionyimwa kitambulisho kwa sababu alama zao za vidole zilikutwa kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Hifadhidata mbaya inaweza kumfanya mtu mgeni kwao. Kwa hiyo ningeandika sharti ndani ya programu yenyewe: leseni na saa tu, hakuna jina, hakuna kabila, hakuna abiria, na kila rekodi ifutike baada ya siku mbili. Asiyekubali sharti hilo asipewe programu.

Kuhusu bangi, sipingi mjadala. Ila kila anayesimama kuitetea au kuilaani aanze kwa kujibu swali la miraa, kwa sababu hilo si la kesho. Usiku wa leo kuna gari linatoka Nairobi kwenda Garissa, na dereva yuko sawa, walahi. Likifika darajani askari atajua jina langu na la baba yangu. Mimi ningependa ajue pia dereva alilala lini.