Msituuzie moyo mpya, tuleteeni kipimo
Ndugu mwandishi, makala nzuri, ila uliposema seli shina zinaotesha upya msuli wa moyo umekwenda mbali mno. Wazo lenyewe lilivutia: chota seli kwenye uloto wa mgonjwa, zipenyeze kwenye mshipa wa moyo, zijaze pale palipokufa. Lakini mwaka 2018 Harvard waliomba machapisho 31 kutoka maabara ya Piero Anversa, kinara wa madai hayo, yaondolewe kwa sababu ya data za kughushi. Utafiti wa BAMI huko Ulaya ulipanga wagonjwa 3,000, ukapata 375, na matokeo yake ya 2020 hayakuonyesha kwamba seli hizo zinaokoa maisha. Dada uliyeuliza hapo juu kama muuze ng'ombe ili mzee apelekwe nje ya nchi akatiwe seli hizo: msiuze, tafadhali. Ni kweli Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza uloto tangu 2023, lakini ni kwa watoto wenye selimundu, si kwa moyo. Mimi niko Gulwe, wilayani Mpwapwa. Baba yangu mkubwa alibanwa kifua usiku, jasho likamtoka, tukaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya kiungulia. Alipofikishwa penye kipimo cha umeme wa moyo ilikuwa siku ya pili na msuli umeshakufa. Yu hai, ila jembe hashiki tena. Inaniuma sana. Mwandishi, tuandikie kuhusu saa zile za kwanza baada ya kifua kubana, na lini zahanati za huku Mpwapwa zitapata kipimo hicho.