Bombone ya oksijeni haipakwi mafuta!



Kila mara tunapopiga kelele juu ya oksijeni, tunaomba kitu kimoja: bombone zifike hospitali. Ni haki yetu. Lakini leo tuzungumuzie ile yenye inabakia nyuma: inafika namna gani, na nani anaifungua, na mikono gani?

Wengi wetu tumeona. Bombone imefungwa nyuma ya pikipiki, pembeni ya bidoni ya mazutu. Robine ikikatala kufunguka, wanaita fundi wa garaji. Anakuja na ufunguo wenye grisi, anatia mafuta kidogo ili ilainike. Roho yake ni nzuri. Hajui kama ametega moto.

Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inachochea moto sana. Hewa tunayopumua iko na oksijeni 21 kwa 100. Ndani ya bombone inapita 90, na ikijaa, nguvu yake inaweza kufika bar 150 ao 200. Kama kuna mafuta na robine inafunguliwa mbio, joto la gesi kujikandamiza linaweza kuiwasha. Hakuna haja ya kiberiti. Huko Baghdad, mwezi wa 4 mwaka 2021, moto wa bombone za oksijeni ndani ya hospitali uliua watu zaidi ya 80. Hatusemi ilikuwa grisi. Tunasema oksijeni haisamehe.

Wazamiaji, wale wanaoingia chini ya maji na bombone mgongoni, wanaijua hii. Wengi wanafuata kanuni moja: gesi ikipita oksijeni 40 kwa 100, vyombo vinafunguliwa kipande kwa kipande, vinaoshwa na sabuni ya kutoa mafuta, vinasuuzwa, vinakaushwa, vinaangaliwa kwa taa. Joenti zinabadilishwa, na grisi ni ile ya oksijeni tu. Kisha wanabandika alama ili watu wasichanganye. Mtu anafanya yote hayo kwa saa moja ya kuogelea. Na mtoto mwenye nimonia, yeye anastahili ufunguo wa garaji?

Kuna wenye watatujibu: «Oksijeni yenyewe inakosa, nyinyi munatafuta usafi?» Ndiyo. Kunawa mikono hakungoji mfadhili. Na bombone moja ikilipuka, hata ile kidogo tuliyo nayo inaenda.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa hospitali na wa wizara ya afya:

– ufunguo na manometa za oksijeni zikae peke yake, safi, bila kuazimwa;
– bombone isipakiwe pamoja na mazutu, na isimame imefungwa kwa munyororo;
– robine ifunguliwe polepole, na mwenye kufundishwa;
– robine iliyokatala irudishwe kwa wenye kujaza, isipelekwe garaji.

Na wewe kijana, siku utamsindikiza mgonjwa, angalia. Ukiona mafuta, uliza. Ukiona sigara karibu, kataa. Kuuliza si matusi, ni uraia.

Tulipigania bombone zifike. Sasa tupiganie zisituuwe.