Nani kaua twita?

Mwezi huu naanza na siku tatu za kununiana ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Jumamosi nilichukua gari la mume wangu kwenda kicheni pati Upanga, mimi na shosti wangu, muziki tumeupandisha. Kabla hatujafika, zile sauti nyembamba za juu zikakata. Imebaki besi tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Jioni mzee akasikiliza, akasema, "Umeua twita." Basi. Tangu hapo anaongea na watoto tu.

Nikaona isiwe tabu. Jumanne mchana nikatoroka ofisini, nikaenda Kariakoo kutafuta nyingine, nikaishia kwa fundi mmoja upande wa Gerezani. Kijana mpole, wala hakukimbilia kuniuzia. Akafungua buti, akamulika amplifaya kwa simu.

"Dada, ukifunga mpya leo, wiki ijayo utarudi. Ona geni ilipo."

Kile kidude cha kuzungusha kwa bisibisi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Mimi nilidhani geni ni sauti. Kumbe kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na umeme wa muziki unaotoka kwenye redio. Ikizidishwa, amplifaya inaishiwa uwezo, mawimbi yanakatwa vichwa, muziki unakwaruza. Makwaruzo hayo yanakimbilia kwenye twita, na waya wa ndani yake ni mwembamba kama unywele. Unachemka mpaka unaungua. Ndiyo maana hata amplifaya ndogo, ikikamuliwa kupita kiasi, inaua twita.

Akanionyesha dawa yake hapo hapo. Alishusha geni mpaka chini, akazima nyongeza ya besi, akachomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Redio yetu inaishia 40. Akaiweka 30, akapiga mlio mmoja ulionyooka wa hezi 1,000. Halafu akagusisha testa, ikiwa upande wa volti za AC, pale zinapochomekwa nyaya za spika.

Hesabu yake ni ya shule: wati zidisha kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ya kwetu ni wati 50 kwa omu 4, yaani 200, na kipeuo chake ni volti 14 na ushee. (Wati za RMS jamani, siyo zile 1,000 za maandishi makubwa kwenye boksi!) Akapandisha geni polepole, testa iliposoma 14 akaiacha. Asiye na testa, alisema, apandishe mpaka asikie mkwaruzo kwa mbali, arudi nyuma haraka. Mkwaruzo wenyewe ndio unaounguza.

"Sasa nani aliifungua hivi?" nikauliza.

"Aliyefunga. Ila dada, mara nyingi mteja ndiye anayeomba."

Twita mpya zikafungwa. Usiku, watoto wamelala, nikamuuliza mwenye gari kwa upole kabisa: siku ile fundi wako anafunga muziki, ulimwambia nini?

Akakuna kichwa. "Nilimwambia afungue yote, gari lisikike mtaani."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akachezea rimoti wee. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akaniuliza kama nimekula.