Nyumba Si Shule Ndogo

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho watu hukitumia kuwadhulumu kina mama wengi, nacho ni "kukaa". Ukiuliza mama fulani hufanya kazi gani, aghalabu utajibiwa, "Hafanyi kazi. Anakaa tu nyumbani." Neno "tu" hapo ndilo lenye sumu. Na hakuna mama anayeonjeshwa sumu hiyo mara nyingi kama yule aliyeamua kuwasomesha wanawe nyumbani.

Hebu tumtazame mama wa aina hii, mkaazi wa mtaa wowote wa Nairobi au Nakuru, mwenye watoto watatu: mmoja wa kiwango cha Gredi ya 7, wa pili wa Gredi ya 4, na kitinda mimba wa miaka minne. Saa kumi na moja alfajiri yu macho. Anateka maji kabla mfereji haujakauka, anapika uji, kisha anapitia hesabu za aljebra ambazo mara ya mwisho alizigusa akiwa kidato cha nne. Kufikia saa mbili meza iliyoliwa kiamsha kinywa imepanguswa na madaftari yametandazwa. Mkubwa anataka aelezwe milinganyo, wa pili amekwama katika aya ya pili ya insha, na mdogo anamvuta leso akitaka kujua kwa nini mwezi bado unaonekana asubuhi. Saa nne stima inapotea na somo lililokuwa kwenye kompyuta linapotea nayo. Saa tano maharagwe yanaungua. Alasiri anafua, anasahihisha, anakwenda sokoni, na usiku, wengine wakilala, anaandaa ya kesho.

Njiani kwenda sokoni, jirani atamwuliza kwa huruma, "Watoto wamefukuzwa karo?" Mama mkwe atapiga simu kutaka kujua ni lini wajukuu wake watapelekwa shuleni "kama watoto wa watu". Mume naye, arudipo amechoka, huenda akauliza ameshinda akifanya nini. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi mwaka 2020 tulilipwa kanda hilo tulibebe. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Kwa miezi hiyo kila sebule iligeuka darasa. Wavyele waliolalamika kuwa walimu wanalipwa kwa kucheza walipigwa na butwaa kugundua jinsi mtoto mmoja anavyoweza kuwamalizia subira kabla ya adhuhuri. Kinaya ni kwamba shule zilipofunguliwa, tuliyasahau hayo yote, na mama aliyeendelea kufundisha nyumbani akarudi kuwa mtu wa "kukaa tu".

Kwa maoni yangu, chanzo cha dhuluma hii ni kipimo tunachokitumia. Twaipima nyumba kwa ratili ya shule. Kwa kuwa hakuna kengele, twasema hakuna kazi. Kwa kuwa hakuna sare, twasema hakuna masomo. Lugha yenyewe inatukumbusha vingine. Neno "shule" tulilikopa kutoka kwa Wajerumani, na "darasa" na "mwalimu" yametujia kutoka Kiarabu. Lakini "kufunda", "kufunza" na "kufundisha" ni maneno ya Kibantu, ya ukoo mmoja na neno "fundi". Jina la jengo tulilikopa. Kitendo kilikuwa chetu, na kilikuwapo nyumbani kabla ya jengo. Ndiyo maana methali husema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haikutaja mwalimu mkuu.

Sheria nayo imekosea kwa kipimo hicho hicho. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hilo ni jambo jema mno, wala hakuna mwenye akili razini atakayelipinga. Hata hivyo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipokuja kuitekeleza haki hiyo, ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na ikamtishia mkaidi kwa faini au kifungo. Elimu na shule zikafanywa kitu kimoja. Mataifa mengine yametofautiana kuhusu suala hili. Ujerumani hulazimisha mtoto ahudhurie shule. Nchini Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 humtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ifaayo, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Maneno hayo machache ya mwisho yamewatoa wazazi wengi katika hofu ya kushtakiwa.

Huku kwetu mlango umezidi kuwa mwembamba kwa sababu ya mitihani. Enzi za 8-4-4, mtoto aliyesomea nyumbani aliweza kutafuta kituo na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mtaala wa umilisi umeleta utaratibu mwingine. Gredi ya 9, ambayo tathmini yake ya kitaifa ilifanywa kwa mara ya kwanza 2025, matokeo ya mwanafunzi hujengwa kwa vipande vitatu: asilimia 60 kutokana na tathmini hiyo yenyewe, asilimia 20 kutokana na ile ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kutokana na kazi aliyoifanya shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Sasa, mtoto asiye na shule, alama hizo za mwisho atazitoa wapi? Mama hubaki na njia mbili. Aiombe shule fulani imwandikishe mwanawe kwa jina tu, jambo ambalo ni udanganyifu, au aukimbilie mtaala wa kigeni.

Wengi huukimbilia mtaala wa kigeni. Hapo ndipo mimi, kama mwanaisimu, ninaposhtuka. Vitabu vinavyoagizwa kutoka Marekani humfundisha mtoto wa Nakuru kuhesabu dola na kupima kwa futi na ratili. Humweleza majira manne ya mwaka ilhali yeye ajua masika, vuli na kiangazi. Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hakimo kabisa katika vitabu hivyo. Lugha ya mama ndiyo usiseme. Mama aliyewatoa wanawe shuleni ili wawe karibu naye hujikuta akiwafundisha kwa lugha ambayo si ya jikoni mwake, juu ya nchi ambayo hajawahi kuiona. Anabandika ubao ukutani na kuamuru kila mtu anyamaze. Naye pia ameipima nyumba kwa ratili ya shule.

Kumbe utajiri wake uko kwingine! Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuzungumza na kila mmoja kwa dakika tano kwa siku. Hesabu ya saa haimruhusu. Mama mwenye watoto watatu anaweza kuzungumza nao kutwa nzima, na mazungumzo ndiyo shule ya kwanza ya lugha. Mtoto akisema "kisu imepotea", mama humjibu, "Kimepotea wapi? Kitafute kwenye kile kikapu." Kwa sentensi hizo fupi amemfunza upatanisho wa ngeli ya KI-VI bila kutaja ngeli. Akimtuma dukani nusu kilo ya sukari na robo ya majani chai, amemfunza sehemu za namba, na akimtaka arudishe chenji kamili, amemfunza kutoa na uaminifu kwa pamoja. Akimweleza kwa nini saa moja ya Kiswahili huandikwa saba kwenye uso wa saa, amemfunza kwamba watu wetu huanza kuihesabu siku jua linapochomoza. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake, na sera hiyo ingali ikitajwa hadi leo kwa gredi tatu za mwanzo. Shule nyingi zimeipuuza. Nyumba haina sababu ya kuipuuza.

Nisieleweke vibaya. Serikali ina haki, na hata wajibu, ya kutaka kujua mtoto asiyeonekana shuleni yuko wapi. Wako watoto wanaofichwa nyumbani ili wachunge mifugo, wawe yaya wa ndugu zao au waozwe wangali wachanga, na neno "masomo ya nyumbani" lisije likawa pazia la kufunikia maovu hayo. Lakini dawa ya pazia ni kulifunua, si kuichoma nyumba. Mzazi anayefundisha nyumbani aandikishwe katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Maafisa wa ubora wa elimu wamtembelee na kuitazama kazi ya mtoto. Baraza la Mitihani la Kenya limpe mtoto huyo kituo cha kufanyiwa tathmini zake, zile za kila mwaka na zile za kitaifa. Mwenye kuficha uovu atakimbia utaratibu huo. Mwenye kufundisha kwa dhati ataupokea kwa mikono miwili.

Walimu wenzangu, msimwone mama huyu kuwa mshindani wenu. Mtaala tunaoufundisha sasa unamtaka kila mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe, nasi hulalamika kila muhula kwamba wazazi hawashiriki. Huyu ameshiriki kupita tulivyomwomba. Mfungulieni maktaba na maabara siku za Jumamosi. Waruhusuni wanawe wajiunge na wenu katika kandanda, kwaya na mijadala, kwani kuishi na wenzake ni somo ambalo mama mmoja hawezi kulimaliza peke yake. Nanyi wanafunzi, mkimkuta mtoto wa rika lenu sokoni saa nne asubuhi akipiga hesabu ya nyanya, msimcheke. Huenda naye yumo darasani.

Na siku nyingine mtu akikuuliza mama huyo hufanya kazi gani, usiseme anakaa tu nyumbani. Sema anafundisha.