Jina Jipya ni Deni

Wapo wanaodhani kwamba kugundua spishi mpya ni kuona kiumbe asiyepata kuonwa, kisha kumpa jina la Kilatini. Maoni yangu ni kwamba kuona ni mwanzo tu, na jina litolewalo kwa haraka huwatwisha mzigo watakaofuata.

Tuchukue mfano wa siliata, yaani viumbe wa seli moja waendao kwa vinywele vingi, na wenye viini vya namna mbili, kikubwa na kidogo. Alfred Kahl (1877–1946), mwalimu wa shule mjini Hamburg, Ujerumani, alianza kuwachunguza akiwa mtu wa makamo. Kati ya 1930 na 1935 alichapisha kitabu chake kikubwa juu yao, na mnamo 1933 akaeleza wale wa Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Mamia ya spishi zilipata majina kwake, na michoro yake ingali inatumika. Walimu wana haki ya kujivunia mwenzao huyu.

Hata hivyo, Kahl alitegemea hasa kuwatazama wangali hai, na kwa spishi nyingi kilichobaki ni mchoro na maelezo tu. Siliata wengi hupasuka upesi chini ya kioo, wala hawaachi mfupa wala gamba. Leo mtaalamu akimpata anayefanana na mchoro huo, atajuaje kama ndiye? Hana budi kukusanya upya, kuwatia rangi kwa michanganyiko ya fedha ili safu za vinywele zionekane, na kusoma jeni zao. Ndiyo sababu tangu 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hudai kila spishi mpya itajiwe kielelezo chake cha msingi.

Husemwa kwamba masharti haya yanawafungia mlango wasio na vifaa. Sikubaliani. Shule iliyo karibu na bahari, yenye hadubini moja, yaweza kupima urefu wa mwili, kuhesabu safu za vinywele, kuchora mdomo, na kuandika tarehe, mahali na kiasi cha chumvi. Kazi ya rangi na jeni iachiwe chuo kikuu, na jina lisubiri hadi hapo. Daftari la namna hiyo litamfaa mtafiti hata baada ya miaka hamsini.